Kitenge cha Jubilei

Mwalimu Kasiani alifika asubuhi wakati Modesta anaanika nguo. Alisimama upande wa pili wa kamba, mikono nyuma, akasubiri shuka litulie mbele ya uso wake ndipo aseme.

"Mama Farida, hii kamba."

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Hii kamba tulishaizungumza. Mtu anatoka kanisani na neema yake yote, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni suruali za Mzee Nassoro."

"Si suruali, Mwalimu," alisema Nassoro kutoka barazani, alikokuwa akipiga randa mguu wa benchi. "Ni kaptura. Suruali ninayo moja, na nimeivaa."

Mwalimu Kasiani hakucheka. "Habari za hapa," alisema, kama anayeisalimia nyumba yenyewe. Nassoro, ambaye angeweza kumzaa, alijibu kuwa ni nzuri, akaendelea na randa yake.

Kasiani alifundisha jiografia pale chuoni, na mwaka huu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jubilei. Kanisa dogo la chuo lilikuwa linatimiza miaka hamsini. Askofu angekuja, wahitimu wa zamani wangekuja kutoka Masasi, Newala na Dar es Salaam, na tangu siku alipochaguliwa, Kasiani alikuwa halali vizuri. Alipunguza sauti.

"Kamati imekaa jana. Tunahitaji uwanja wa mahema hapa pembeni. Kibanda hiki kitaondoka. Mafundi watakuja mwezi ujao, Jumamosi ya wiki moja kabla ya sherehe."

Modesta alikuwa ameshika kibanio cha nguo mdomoni. Alikitoa. "Kitaondoka kwenda wapi?"

"Kitavunjwa, Mama."

"Na sisi?"

"Shamba la Mpapura si lipo?"

"La kaka yangu," alisema Nassoro. "Na mikorosho yake. Na watoto wake wanane."

"Basi, ni kwa ndugu. Msidhani kwamba mnafukuzwa. Mnapisha tu." Kasiani aliangalia saa. "Ardhi ni ya chuo, mnajua wenyewe."

"Karibu chai, Mwalimu," alisema Modesta.

"Nina kipindi." Aliinama kupita chini ya kamba, na pindo la shuka lililolowa likampitia kichwani, likamwachia maji shingoni.

Hakuna aliyewahi kuwaambia Nassoro na mkewe kwamba nyumba ile ni yao, na hakuna aliyewahi kuwaambia si yao. Wanafunzi wa kwanza wa chuo walisali kwenye bwalo la chakula, katikati ya harufu ya maharage, mpaka walipochoka wakaamua kujenga wenyewe kwa mawe ya matumbawe. Bomba la maji lilikuwa moja tu eneo lote, ndani ya uzio wa chuo. Akina mama wa mitaa ya jirani, wengi wao Waislamu, waliruhusiwa kuchota, na kila aliyejaza ndoo yake alijaza na nyingine ya kuchanganyia udongo na saruji. Hakuna aliyepanga hivyo. Mmoja alianza, wengine wakafuata. Hata leo, mkesha wa siku ya kanisa, wanawake huja kila mmoja na ndoo yake ya maji kuosha sakafu, wa misalaba na wa hijabu, ingawa kila nyumba sasa ina bomba lake.

Stoo ya saruji ilijengwa pembeni ya kanisa, na kijana mmoja kutoka Mpapura, Nassoro, akawekwa kulala humo ili mifuko isiibwe. Ujenzi ukaisha. Saruji ikaisha. Nassoro akabaki, akawa anatengeneza mabenchi yanapovunjika. Kisha akamwoa msichana wa kwaya mwenye sauti ya pili, Modesta, na stoo ikaongezewa dirisha, baadaye chumba, baadaye baraza. Alhamisi Nassoro alimsaidia mkewe kufagia kanisa, Ijumaa akaenda msikitini, na binti yao Farida akapata nguo mpya Krismasi na Idd zote mbili, jambo ambalo wenzake shuleni hawakulisamehe.

*

Farida alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na wateja wake walikuwa wanafunzi wanaotaka sketi zifupishwe na wake za walimu wanaotaka magauni yapanuliwe. Alizisikia habari za Jumamosi. Akavaa viatu, akaenda mtaa wa Rahaleo kutafuta chumba.

Alirudi jioni akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Umepata?" aliuliza mama yake.

"Wa kwanza anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Wa pili alinikubali, tukaelewana vizuri, mpaka nikataja cherehani. Akasema itamlia umeme wake. Nikamwambia, mama, hii ni ya miguu, haili umeme. Akafikiri, akasema basi itamlia usingizi wake."

Nassoro alicheka, na Farida naye akacheka, halafu akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mpapura nani atanipa nguo kushona, Baba? Mbuzi wa baba mkubwa?"

"Utawapunguzia sketi," alisema Nassoro.

"Mama," alisema Farida, "kesho kamati inakaa tena. Wewe ndiye unayepeleka chai. Padri atakuwepo. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba tunaishi hapa."

Modesta alikubali kwa kichwa. Usiku ule alilijaribu lile neno moyoni mara nyingi, na kila mara lilitoka vizuri.

Kesho yake kamati ilikaa kwenye mabenchi ya mbele. Mwalimu Kasiani alikuwa anaongea kwa simu na kijana wa kiwanda cha vitenge huko Dar es Salaam, ambaye alikuwa amepatikana kupitia kwa Sakina, mwuza vitambaa wa pale mjini. Kitenge cha jubilei kilikuwa ndicho kilichomnyima Kasiani usingizi kuliko yote.

"Nimekutumia picha. Nimeipiga mwenyewe, nimerudi nyuma mpaka kwenye uzio ili msalaba wa juu uingie. Sasa sikiliza. Usipunguze kitu. Hata kijiti. Chora kila unachokiona." Alikata simu, akawageukia wenzake. "Kuna parokia moja walipunguziwa msalaba. Kanisa likatoka kama ghala la korosho. Watu walikuwa wanawasimamisha njiani kuwauliza bei ya kilo."

Kamati ilicheka. Modesta alipita na birika, akimimina kikombe kwa kikombe, mpaka akafika kwa Padri. Padri alikuwa kijana, mgeni pale chuoni, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni anapohudumiwa.

"Mama, naona una neno," alisema.

Mwalimu Kasiani akainua kichwa. Modesta alilitafuta lile neno pale alipoliacha usiku, hakulikuta.

"Nilikuwa nauliza," alisema, "sukari inatosha?"

"Inatosha, Mama. Asante sana."

Modesta alipofika nyumbani, Farida alimtazama mara moja tu, akarudi kwenye cherehani yake.

*

Majora ya kitenge yalifika wiki moja kabla ya siku ya mafundi. Sakina aliyaleta mwenyewe kwa bajaji, akasimama mlangoni mwa kanisa huku yakifunguliwa, maana alitaka kuona nyuso za watu. Kitenge kilikuwa cha buluu iliyoiva, chenye miduara mikubwa, na ndani ya kila mduara limo kanisa la chuo.

Mwalimu Kasiani alikiinua kwenye mwanga. Macho yake yalikwenda moja kwa moja juu ya paa. Msalaba ulikuwepo, mweupe, umenyooka. Aliutafuta kwenye mduara wa pili, na wa tatu.

"Upo," alisema, na mabega yakamshuka. "Mama Sakina, Mungu akubariki."

"Mimi kijana nimemwambia mara tatu," alisema Sakina. "Nimemwambia Mwalimu ana presha, usimuue."

Watu wote waliutazama msalaba, wakaridhika, wakakatiwa vipande vyao. Jirani Mwanahawa naye alichukua chake, akisema kwamba maji ya sakafu ile amebeba tangu tumboni mwa mama yake, kwa hiyo kitenge ni haki yake. Jioni ile ile wakaanza kumiminika kwa Farida, wa kwanza akiwa Hilaria, kiongozi wa kwaya, mwanamke mkubwa wa sauti na wa umbo.

Farida alikitandika kitenge cha Hilaria juu ya meza, akachukua chaki. Aliinama apange miduara ikae vizuri kifuani. Kisha akaiweka chaki chini.

"Mama. Njoo."

Modesta akaja na mikono yenye unga.

"Angalia hapa. Si kanisani. Hapa pembeni."

Pembeni ya kanisa, ikiliegemea kama mtoto aliyesimama na mama yake, kulikuwa na nyumba ndogo. Ilikuwa na baraza na dirisha moja. Kijana wa kiwandani, ambaye pengine hakuwa na wino wa kijivu, alikuwa ameipaka njano. Na kutoka kwenye nguzo ya baraza mpaka kwenye kona ya kanisa ilipita kamba, na kwenye kamba vining'inio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na nyeupe, vilivyochorwa kwa uangalifu mkubwa.

Modesta aliweka kidole. "Hili ni shuka langu."

"Na hii?" aliuliza Hilaria, akiinama mpaka pua ikagusa kitambaa. "Yesu wangu. Hii si kaptura ya Mzee Nassoro?"

Nassoro aliitwa. Alivaa miwani, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Imefika Dar es Salaam kabla yangu."

Hilaria alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mwanahawa, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi na kipande chake mkononi, alikikunjua chake naye, akakikuta kilekile. Alihesabu miduara kwa kidole, halafu akachoka kuhesabu. "Hii nyumba itakaa kwenye makalio yangu mawili," alisema, "na Mwalimu anasema anaivunja."

"Msiseme kitu," alisema Modesta.

Wote wakamgeukia.

"Msimwambie Mwalimu. Amehangaika sana na kitenge hiki. Ataona aibu."

"Aone," alisema Farida.

"Mwacheni afurahi na msalaba wake," alisema Modesta, akarudi jikoni kwenye unga wake.

Lakini Hilaria alikuwa mtu wa kuongoza kwaya, na sauti yake haikuumbwa kwa ajili ya kunyamaza.

*

Mwalimu Kasiani alikuja Jumatatu baada ya vipindi, kitenge kimekunjwa kwapani. Safari hii alikaa. Modesta alimletea chai, akaipokea, akaishika bila kuinywa.

"Farida," alisema, "wewe ni fundi."

"Najaribu, Mwalimu."

"Kuna kitu kidogo kwenye kitenge. Mmeshakiona, nasikia." Hakumtazama mtu. "Nilifikiri, kwa vile nguo zote zinashonwa kwako, ungeweza kukata hivi kwamba ile... ile sehemu ya pembeni ikaingia kwenye mshono. Isionekane. Kamati itakuongezea kitu kwa usumbufu."

Nassoro aliweka randa chini.

Farida angeweza kusema maneno mengi, na baadhi yake yalimfika mdomoni. Lakini alikuwa fundi, na ameulizwa swali la ufundi. Alikichukua kitenge cha Mwalimu, akakilaza mezani, akakunja nyumba kwa ndani, akachomeka pini. Akakunja tena mduara uliofuata, na uliofuata. Kisha akakiinua mbele ya kifua chake ili Mwalimu aone.

Nyumba ilikuwa imetoweka. Lakini kijana wa kiwandani alikuwa amechora kama alivyoona, na kwenye picha ile nyumba iliziba kipande cha mbele ya kanisa. Ilipoingia kwenye mshono, ilikwenda na mlango. Kanisa lilibaki na msalaba, paa, dirisha moja, na ukuta mtupu.

"Punguza kidogo," alisema Kasiani.

Farida alilegeza pini. Mlango ukarudi, na nyumba ikarudi nao, njano, na kamba yake.

"Havitengani, Mwalimu. Nikificha hii, hakuna pa kuingilia."

Mwalimu alijaribu kuvuta kitambaa kwa vidole vyake mwenyewe, huku na huku. Alikuwa na wino wa kalamu nyekundu kwenye kidole cha shahada, wa kusahihishia. Modesta akasogeza kikombe kisije kikamwagika.

"Nilimwambia yule kijana asipunguze kitu," alisema mwishowe.

"Hakupunguza," alisema Nassoro.

Kasiani alikunywa chai yake, yote, kama dawa. Aliposimama alisema kwamba mpango wa mafundi uko palepale, kwamba yeye ni mwenyekiti tu na haamui peke yake, kwamba ataongea na Padri. Alifika kwenye kamba ya nguo, akasita, akazunguka kwa pembeni.

*

Jumamosi mafundi walikuja mapema, wanaume wawili na toroli, nyundo na sururu. Nassoro alikuwa ameshatoa kitanda nje. Godoro lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa kanisa, sufuria zimo ndani ya ndoo, na Modesta alikuwa anafunga kuku miguu kwa kamba ya ukindu, akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Cherehani tu ndiyo ilikuwa haijatoka, kwa sababu haikuwa na pa kupita. Barazani walikuwa wamejaa wanawake. Nusu ya nguo za jubilei zilikuwa bado hazijaisha, na wenyewe walikuwa wamekuja kupimisha, wengine wakiwa tayari wamevaa, pini kiunoni. Hilaria alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, akiizuia yote.

"Dada, tupishe tufanye kazi," alisema fundi mmojawapo.

"Fanya. Nani amekushika?"

"Umekaa kwenye nyumba tunayovunja."

"Ni ipi hiyo?"

Fundi alinyoosha kidole kwenye nyumba. Kisha kidole kikapungua nguvu, kikashuka, kikasimama hewani mbele ya kifua cha Hilaria. Alimwita mwenzake. Wakaangalia nyumba, wakaangalia gauni, wakaangalia gauni la Mwanahawa aliyegeuka makusudi kuwaonyesha na mgongo.

"Hii ndiyo hii?" aliuliza yule wa pili.

"Ndiyo hii," alisema Mwanahawa. "Anza na hii ya makalioni, siikalii vizuri."

Mafundi waliweka nyundo chini kumsubiri mwenye kazi. Mwalimu Kasiani alikuja na Padri, wote wawili wakitembea haraka. Kasiani alikuwa amevaa shati lake la jubilei, alilolichukua kwa Farida jana yake; hakuwa amekusudia kulivaa leo, lakini mengine yote yalikuwa machafu. Alisimama mbele ya umati ule wa buluu. Popote alipogeuka, nyumba ndogo ya njano ilimtazama, kwenye vifua, mapajani, mabegani, na alipoinamisha kichwa ilimtazama kutoka tumboni mwake mwenyewe.

"Mwenyekiti," alisema Padri taratibu, "mahema hayawezi kukaa uwanja wa mpira?"

"Yanaweza," alisema Kasiani.

"Nimeongea na Mkuu wa Chuo jana. Anasema hakujua hata kama kuna mtu anaishi hapa. Alidhani bado ni stoo. Anasema maadamu stoo ni ya kanisa, kanisa liamue nani akae."

Kuku mmoja alijinasua miguu, akakimbia.

"Basi sisi tufanye nini?" aliuliza fundi. "Siku yetu tumeshaitenga."

Mwalimu Kasiani aliiangalia nyumba. Hakuwa amewahi kuiangalia sawasawa. Ilikuwa ya kijivu cha saruji iliyozeeka, na kwenye kona bado ilionekana alama ya kiganja cha mtu aliyewahi kuiegemea ikiwa mbichi.

"Ipakeni rangi," alisema.

"Rangi gani?"

Kasiani alivuta shati lake mbele, akawaonyesha. "Hii hii."

Kisha akaenda mpaka alipokuwa Nassoro, kando ya kitanda chake kilichosimama nje, akashika upande mmoja wa kitanda. "Shikamoo, Mzee," alisema. "Tukiingize kabla hawajaanza, kitachafuka."

"Marahaba, mwanangu," alisema Nassoro. "Angalia mlango, ni mwembamba."

*

Mkesha wa jubilei akina mama walikuja na ndoo zao, wakaosha sakafu mpaka ikatoa harufu ya mawe. Modesta alitumia nafasi hiyo kuifungua kamba ya nguo, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda. Askofu anakuja, na yeye si mtu asiyejua adabu.

Asubuhi, kabla misa haijaanza, Mwalimu Kasiani alibisha hodi.

"Mama Farida, ile kamba."

"Nimeshaitoa, Mwalimu."

"Naomba uirudishe."

Modesta alidhani hakusikia vizuri.

"Wageni wameanza kufika," alisema Kasiani. "Wanashika vitenge tulivyowapa, wanaangalia, wanaona kanisa, wanaona nyumba, halafu wananiuliza kamba iko wapi." Alijikuna shingo. "Na nguo pia, kama zipo. Zile zile."

Modesta hakuwahi kuanika nguo Jumapili maishani mwake. Alifunga kamba kwenye nguzo ya baraza, sasa ya njano, akatundika shuka lililokuwa safi tayari, kanga nyekundu, kitambaa cha kijani, na mwisho, baada ya kutazama kulia na kushoto, kaptura ya mumewe.

Misa ilikuwa ndefu na kwaya iliimba vizuri. Ilipoisha, Askofu alitoka nje akiwa amefunikwa mabegani kitenge cha jubilei alichozawadiwa. Alikishika kwa mkono, akakiangalia, akainua macho kwenye nyumba, akatabasamu.

"Nani anaishi hapa?" aliuliza.

Mwalimu Kasiani alifungua mdomo ajibu, kwa vile yeye ndiye mwenyekiti. Lakini Modesta alikuwa amesimama karibu zaidi, mikono imeshikana mbele ya gauni lake jipya, na neno lilikuwa limekuja lenyewe.

"Sisi, Baba," alisema. "Tunaishi hapa. Karibu chai."

Askofu alipita chini ya kamba, akaketi barazani kwenye benchi la Nassoro. Sukari ilitosha.